Kanzu ya mgeni: Tulidanganywa au tulijidanganya?



Miaka kadhaa iliyopita alikuja mtaani kwetu kijana mmoja wa Kizungu, mwanafunzi. Alifika mwezi wa Shaaban, akapanga chumba jirani na msikiti. Ramadhani ilipoingia tukamkuta amekaa nasi kwenye jamvi la futari, amevaa kanzu na kofia ya viua iliyomkaa vizuri kuliko inavyotukaa wengi wetu. Alikuwa mpole, anajua kuamkia wakubwa, na alikuwa msikilizaji kuliko msemaji. Wazee walimpenda. Ikikimiwa swala yeye alibaki nje akikusanya vikombe na kukunja jamvi, nasi tukasema bado mgeni katika dini, anaona haya. Mmoja wetu akaanza kumwita Yusuf na jina likamganda. Mmoja huyo ni mimi.

Alikaa nasi karibu mwaka. Alipoondoka ndipo ikafahamika kuwa alikuwa akiandika utafiti wa chuo kikuu kuhusu sisi: tunavyooana, tunavyogombania mirathi, nani hasemi na nani na kwa sababu gani. Ikafahamika pia kuwa hakuwa Muislamu na hakuwahi kuwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, palikuwa hapakaliki. Wapo waliosema ni jasusi. Wapo waliosema ametufanyia istihzai, ameivaa dini yetu kama nguo ya maigizo. Mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana akauliza: "Nani katika nyinyi alimuuliza kama amesilimu?" Hakuna aliyejibu. Jina tulimpa sisi. Na ile kanzu, kwa kusema kweli, nilimpa mimi.

Swali la mzee yule limekaa nami muda mrefu. Je, mtu anayevaa vazi la watu wengine amesema uongo, hata kama mdomo wake haukutamka neno? Katika kulitafutia jibu nilianza kusoma habari za watu waliokutana na jambo hili kabla yetu, na kwa wingi zaidi: Waislamu wa Istanbul, Aleppo, Damascus na Cairo, ambao kwa karne kadhaa waliwapokea wasafiri wa Ulaya waliovaa kama wao.

Kwanza tufahamu kwamba katika dola ya Uthmania nguo haikuwa shauri la mtu na fundi wake wa cherehani. Nguo ilikuwa kitambulisho. Kilemba cheupe kilikuwa cha Muislamu. Kijani kilikuwa cha masharifu. Hata viatu vilikuwa na maana. Vya njano vilihesabiwa kuwa vya Waislamu, na asiye Muislamu aliyeonekana navyo angeweza kujibu mashitaka. Mzungu, au Mfaranji kama walivyomwita, alijulikana kwa mbali kwa kofia yake ya pama na suruali yake ya kubana. Watoto walimfuata barabarani wakimzomea, wauzaji walimpandishia bei, na wanyang'anyi wa njiani walimhesabu kuwa ni mfuko wa dhahabu unaotembea. Basi wengi wao wakaona bora wavue kofia na kuvaa joho.

Wapo waliovishwa na wenyeji wenyewe. Balozi wa Ulaya aliyekwenda kumuona Sultani katika kasri la Topkapi hakuingia hivi hivi. Alivishwa joho la heshima, khila, juu ya nguo zake, kisha wakuu wa kasri wakamshika mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakampeleka mbele ya Sultani. Kila aliyekuwepo alielewa maana yake. Mgeni ameheshimiwa, na papo hapo ameambiwa kuwa hapa ataingia kwa nguo ya mwenye nyumba. Hapakuwa na aliyedanganywa. Balozi alibaki Mkristo chini ya joho na joho lilibaki la Sultani juu ya Mkristo.

Bibi Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyesafiri kwenda Istanbul mwaka 1716 na kurudi kwao 1718, naye hakumdanganya mtu kuhusu dini yake. Barua zake zilichapishwa mwaka 1763, baada ya kufa kwake, na humo anaeleza kwa furaha mavazi ya Kituruki aliyojishonea. Anasimulia pia alivyoingia hamamu ya wanawake mjini Sofia, akiwa njiani. Wanawake wakamsihi avue nguo aoge nao. Alipofungua vazi lake la juu wakaona kile kifungo cha kubana kiuno ambacho wanawake wa Ulaya walikivaa siku hizo, kimekazwa kwa kamba. Wakaamini kuwa mumewe amemfungia ndani ya mtego huo na kwamba yeye mwenyewe hana uwezo wa kuufungua. Wakamuonea huruma! Wanawake wale, ambao Ulaya nzima ilikuwa ikiwaonea huruma kwa kufunikwa, walimtazama bibi wa Kiingereza wakaona mfungwa.

Ndugu zetu wengi hupenda kumtaja bibi huyu kwa sababu aliandika kuwa ushungi uliwapa wanawake wa Kiislamu uhuru kuliko wanawake wa kwao. Mimi nawaomba wasome na sababu aliyoitoa. Alisema hivyo kwa kuwa mwanamke aliyejifunika hatambuliwi hata na mumewe, hivyo aweza kwenda kwenye miadi yake bila kujulikana. Huo si utetezi wa hijabu! Tusiwe wepesi wa kumkumbatia kila anayetusifu kabla hatujasikia anatusifu kwa lipi.

Mwingine ni Bibi Hester Stanhope. Jahazi lake lilivunjika karibu na kisiwa cha Rhodes mwaka 1811, nguo zake zikapotea, akavaa nguo za kiume za Kituruki na hakuziacha tena mpaka alipofariki huko milima ya Lebanon mwaka 1839. Aliingia Damascus mwaka 1812 juu ya farasi, uso wazi, ingawa alionywa asifanye hivyo. Sheria yetu inakataza mwanamke kujifananisha na mwanamume, hilo halina mjadala. Lakini udanganyifu kwake siuoni. Mji mzima ulijua kuwa ni mwanamke, ni Mwingereza, na si Muislamu.

Tabu inaanza na Johann Ludwig Burckhardt, Mswisi.

Huyu alizaliwa Lausanne mwaka 1784. Jumuiya moja ya London iliyojishughulisha na kuchunguza bara la Afrika ilimwajiri ili avuke jangwa mpaka mto Niger, na kwa ajili hiyo ikaonekana ajifunze kwanza kuwa Muislamu. Alisoma Kiarabu Cambridge. Mwaka 1809 akaenda Sham, na kuanzia hapo akajiita Ibrahim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka India. Watu walipomtaka aseme Kihindi aliwatolea Kijerumani cha milimani kwao, wakaridhika. Alikaa zaidi ya miaka miwili Aleppo na viunga vyake akisoma lugha, Qur'an na fiqhi.

Mwezi Agosti 1812, akiwa njiani kwenda Cairo, alisikia habari za magofu yaliyofichika katika bonde la Wadi Musa, ng'ambo ya mto Jordan. Kumwambia mwenyeji kuwa anataka kuona magofu ni kujitia mashakani, kwani wangesema anatafuta hazina. Basi akatunga nadhiri. Akasema ameweka nadhiri ya kumchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Harun (a.s.), lililo juu ya mlima ule, na njia ya kwenda huko inapita katikati ya magofu. Nani atamzuia Muislamu kutimiza nadhiri? Akampata mtu wa kumwongoza. Ujira wake ulikuwa nal mbili kuukuu za farasi. Mtu yule akambeba mbuzi, Burckhardt akabeba kiriba cha maji, wakapita kwenye ufa wa jabali mpaka Petra, mji ambao Ulaya ilikuwa haijui tena ulipo.

Njiani kila alipopinda kwenda kutazama pango au nguzo, mwongozaji alizidi kumshuku, mwishowe akamwambia waziwazi kuwa yeye ni kafiri mwenye shughuli zake. Jua lilipokaribia kuzama walikuwa bado chini ya mlima, mbele yao kaburi likionekana juu. Mbuzi akachinjwa hapo hapo. Wakala, wakarudi.

Mimi katika kisa hiki sikai na Burckhardt. Nakaa na yule mwongozaji. Yeye alishuku, na alikuwa na haki. Lakini mbele yake palikuwa na mtu mwenye vazi la Kiislamu, jina la Kiislamu na nadhiri, ambayo ni jambo baina ya mja na Mola wake. Angefanya nini? Usama bin Zayd (r.a.) alimuua vitani mtu aliyetamka shahada, akasema mtu yule ameitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali na kumuuliza kama aliupasua moyo wake akajua kilichomo. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 94, waumini wamekatazwa kumwambia anayewatolea salamu kuwa si muumini. Huu ndio mwenendo tuliofundishwa, na ndio mlango ambao Burckhardt aliupitia. Hakupita kwa sababu Waislamu wa Sham ni wajinga. Alipita kwa sababu dini yao iliwazuia kumpekua.

Wala haikuwa kwamba kila mtu alishawishika. Mwaka 1814 alifika Taif, ambako Muhammad Ali Pasha wa Misri alikuwa amepiga kambi. Alipoomba ruhusa ya kwenda Makka, Pasha alisema kwa mzaha kuwa ndevu peke yake hazimthibitishi mtu kuwa Muislamu. Burckhardt akaenda kuswali pamoja na Kadhi, akajitahidi kusoma sura ndefu kadiri hifadhi yake ilivyoruhusu. Akahiji mwaka huo huo. Alirudi Cairo, na Oktoba 1817 akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu kabla hajauona huo mto Niger. Waislamu walimuosha, wakamswalia, wakamzika katika makaburi yao nje ya lango la Bab al-Nasr. Jiwe la kaburi lina jina la Ibrahim.

Alisilimu kweli au la? Sijui, na sioni faida ya ugomvi juu yake. Waliomzika walihukumu kwa dhahiri na yaliyobaki wakamwachia Allah (s.w.). Nadhiri ya mbuzi lakini ni jambo jingine, kwa sababu yeye mwenyewe ameandika kuwa ilikuwa hila. Hapo naweza kuhukumu bila kupasua moyo wa mtu.

Bibi mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama kuna ubaya akijionesha mbele ya mke mwenzake kuwa mume kampa vitu ambavyo hakumpa. Mtume akamjibu kuwa anayejionesha kuwa na kile ambacho hakupewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Tazama ilivyo: swali halikuwa la nguo kabisa, lakini jibu limekuja kwa mfano wa nguo. Wanazuoni walieleza kuwa wapo watu waliokuwa wakivaa mavazi ya wachamungu ili waaminiwe, na ushahidi wao ukubaliwe. Kwa hiyo kinacholaumiwa si kitambaa. Kinacholaumiwa ni dai ambalo kitambaa kinalitoa kwa niaba ya mvaaji, naye anajua kuwa halipo, na anataka kitu kutoka kwako kwa dai hilo.

Kwani kitambaa chenyewe hakina dini. Al-Mughira bin Shu'ba (r.a.) amesimulia kuwa katika safari ya Tabuk alimmiminia Mtume (s.a.w.) maji ya udhu, naye alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Mikono ilikuwa imebana kiasi kwamba hakuweza kuipandisha, ikabidi aitoe kwa chini ya juba ndipo aoshe. Sham wakati huo ilikuwa nchi ya Warumi, na safari yenyewe ilikuwa ya kuwaendea hao Warumi! Hakuna aliyesema kuwa Mtume amevaa ukafiri. Najua wapo watakaonikumbusha hadithi ya Abu Daud kuhusu anayejifananisha na watu kuwa ni katika wao. Sikuisahau. Lakini juba lile halikumfananisha na mtu. Alivaa safarini, na kila aliyemuona alijua ni nani.

Kusahau jambo hili kumewagharimu Waislamu, na si kwa upande mmoja tu. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili aliwaamuru watumishi wa serikali wavae tarbushi badala ya vilemba, wakabaki maulamaa tu na vilemba vyao. Wapo waliochukia. Baada ya miaka themanini tarbushi ile ile ilikuwa imekuwa alama ya Uislamu, hata wazee wetu wa pwani waliivaa kwa fahari. Na nyingi zilikuwa zikishonwa wapi? Austria. Ndiyo maana Austria ilipoitwaa Bosnia mwaka 1908, watu wa Istanbul waliisusia bidhaa yake, wakazivua tarbushi na kutafuta kofia nyingine za kuvaa. Kisha mwaka 1925 serikali ya Mustafa Kemal ikapiga marufuku tarbushi na kulazimisha kofia ya pama, ile ile waliyokuwa wakizomewa nayo Wafaranji. Mwanachuoni Iskilipli Atif alinyongwa Februari 1926. Kosa lake lilikuwa kijitabu cha kupinga kuiga kofia, alichokitoa mwaka mmoja kabla sheria haijatungwa. Serikali ile iliamini kuwa kofia inabadili kichwa. Sisi tuliokasirika mtaani kwetu tuliamini kuwa kanzu inabadili moyo. Sioni tofauti kubwa.

Basi kijana wetu yupo upande gani? Si Burckhardt. Hakutunga nadhiri, hakusoma sura mbele ya Kadhi, hakusimama safu ya swala. Nadhani anafanana zaidi na Edward William Lane, Mwingereza aliyekaa Cairo mara mbili kati ya 1825 na 1835, akajulikana kama Mansur Effendi. Lane alivaa Kituruki, aliacha nguruwe na pombe, alikula kwa mkono. Masheikh na majirani wakamzoea, wakamfungulia mambo yao, na mwaka 1836 akayatoa London katika kitabu juu ya desturi za Wamisri ambacho wasomi wanakitumia hadi leo. Humo mna harusi zao, uganga wao, hata ya vyumbani mwao. Ni kitabu cha mtu makini, tena kina heshima nyingi kuliko vya wenzake. Hata hivyo kila nikikisoma najiuliza kama wale waliosema naye usiku walijua kuwa wanasema na London.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa Yusuf, na kanzu haihusiki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu akikuhadithia jambo kisha akageuka kutazama pembeni, jambo hilo ni amana. Usiku mmoja wa kumi la mwisho nilimueleza kijana yule ugomvi wangu na kaka yangu juu ya shamba la marehemu baba. Nakumbuka vizuri kuwa niligeuka kutazama mlango kabla sijaanza. Yeye pia aliona. Utafiti wake ulipotufikia nilimkuta kaka yangu humo, na shamba, na mimi. Majina yamebadilishwa. Mtaa mzima ulitujua siku hiyo hiyo.

Nami nina langu la kujibu. Ishara zilikuwepo kila jioni, vikombe mkononi mwake na safu ikijipanga bila yeye. Sikutaka kuuliza. Nilipenda niwe mtu ambaye kwa mkono wake Mzungu ameingia katika Uislamu, na watu walianza kunisifia hivyo barazani, nami sikukanusha. Ikiwa kuna nguo mbili za uongo katika kisa hiki, moja ilikuwa inanitosha mimi.

Alipoondoka alimwachia mwenye nyumba ufunguo na kifurushi chenye jina langu. Ndani mlikuwa na kanzu na kofia ya viua, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mke wangu alitaka tuitoe sadaka. Mwanangu mkubwa alikuwa ameshaijaribu, imemfika miguuni sawasawa, na sasa anaivaa kila Ijumaa. Kaka yangu na mimi tulianza kusalimiana tena mwaka jana.